Nyuklia, mvuke na tokeni: tunachoogopa sicho

Juzi nilikuwa Malindi nimekaa kwenye kahawa, mazungumzo yakaanza na bei ya tokeni za stima yakaingia kwa nyuklia, na kabla kikombe cha pili hakijaisha mzee mmoja ashasema tukijengewa kinu hicho pwani hii itakuwa Hiroshima, kijana akamrukia ati mzee huelewi, nyuklia ikija stima itakuwa rahisi kama maji ya mvua, na wa tatu akasema yote hayo ya nini, si tuweke sola tu, jua tunalo. Mimi nilinyamaza. Wote watatu walikuwa wamekosea na wote watatu walikuwa na kitu, na kuyachambua hayo barazani ni kazi, kahawa inapoa. Ndio nikasema niandike.

Naona shida yetu ni kwamba tunapika maswali matatu kwenye sufuria moja: stima inapatikana saa ngapi, inatugharimu nini, na ina hatari gani na nani anailinda. Serikali nayo ikiongea inayachanganya hivyo hivyo, ikiulizwa la hatari inajibu la bei, ikiulizwa la bei inajibu la mazingira.

Kwanza maneno mawili, bila haya hatutaelewana. Kilowati ni unene wa bomba, uniti ni ndoo ya maji uliyojaza. Ile heater ya bafuni inayochemsha papo hapo ni ya kilowati 5 hivi, bomba nene sana hilo, ukioga dakika 12 umemaliza uniti moja. Taa ya LED ya wati 9 ni bomba jembamba kama mrija, uniti hiyo hiyo moja inaiwasha saa zaidi ya 100. Megawati ni kilowati elfu moja. Kenya nzima, wakati ule tunatumia sana kuliko wakati wowote, tunavuta zaidi ya megawati 2,300 kwa mpigo. Shika hiyo 2,300, nitairudia.

Sasa wakati ule ni upi? Ni jioni, kuanzia kama saa moja usiku hadi saa tatu. Watu wamerudi nyumbani, taa zinawaka, TV, pasi ya nguo za kesho, heater, na maduka bado hayajafunga. Ikifika saa nane za usiku matumizi yanaporomoka karibu nusu. Hapo ndipo kitendawili chote cha stima kilipo, manake stima ni kama samaki bila barafu, ukiivua lazima iliwe saa hiyo hiyo, kuiweka kunahitaji betri na betri kubwa za kulisha mji ni ghali japo bei inazidi kushuka.

Na kila chanzo kina saa yake. Sola inafanya kazi mchana, kule Garissa kuna mtambo wa megawati 50 na kitu tangu 2019, mzuri tu, lakini saa moja jioni wakati nchi nzima inawasha swichi jua limeshazama, kwa hivyo yule wa tatu pale barazani sola yake ingemfaa sana fundi wa kuchomelea vyuma saa sita mchana kuliko mama anayepika saa moja. Upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, minara 365 yenye jumla ya megawati 310, unapenda kuvuma usiku wa manane hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Bwawa ndilo tangi la juu ya nyumba, unafungua unapotaka, kwa hivyo ni zuri kwa jioni mradi mvua imenyesha. Wenzetu Tanzania wana lao la Nyerere pale Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, ukijumlisha ni 2,115, yaani bwawa moja tu linakaribia kulisha Kenya nzima saa ya kilele.

Halafu kuna mvuke wetu. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza 1981 na kamtambo ka megawati 15, leo mvuke wa ardhini ndio unatoa kama asilimia 40 ya stima ya nchi hii. Wanachimba visima vya hadi kilomita tatu kwenda chini, mvuke unapanda wenyewe, unazungusha pangaboi kubwa, stima inatoka, hakuna kuni hakuna mafuta, mchana usiku, masika kiangazi. Na kuna usiku mwingine mvuke huo unaachiliwa hewani hivi hivi kwa sababu hakuna wa kuutumia! Halafu jioni inayofuata tunawasha mitambo ya dizeli na kuvuta stima nyingine kutoka Ethiopia.

Sasa utaniuliza, kama karibu asilimia 90 ya stima tunayozalisha wenyewe ni ya mvuke, maji, upepo na jua, mbona tokeni ya shilingi mia tano inayeyuka kama barafu? Kwa sababu hulipii stima peke yake. Soma ile meseji ya tokeni siku moja kwa utulivu: kuna gharama ya mafuta ya ile mitambo ya dizeli, kuna fidia ya dola manake mikopo na mikataba mingi ni ya pesa za kigeni, kuna tozo za hapa na pale, kuna VAT asilimia 16. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye meseji, kwamba katika kila uniti 100 zinazonunuliwa kwa wazalishaji zaidi ya 20 zinapotea njiani, nyingine kwenye nyaya zilizochoka na transfoma zilizolemewa, nyingine kwa wale jamaa wa kujiunganishia usiku. Wewe unayenunua tokeni ndio unawalipia.

Waya wenyewe una mkasa wake. Ile minara ya Loiyangalani ilikamilika 2017, lakini laini ya kilomita zaidi ya 400 ya kuleta stima hadi kituo cha Suswa haikuwa tayari, kampuni ya Uhispania iliyokuwa inaijenga ilifilisika katikati ya kazi, na mkataba ulikuwa unasema stima ikiwa tayari mtalipa, mchukue msichukue. Basi mapangaboi yalisimama pale kuangaliwa na mbuzi huku faini inapanda, hadi laini ilipokamilika mwaka 2018. Kwa hivyo mtu akikuahidi mtambo, wa aina yoyote ile, muulize kwanza habari ya waya.

Kuhusu kubana matumizi sina mengi. Watu wakisikia neno hilo wanadhani wanaambiwa wakae gizani, kumbe kubwa ni kuhamisha saa. Viwanda vilishaelewa, tangu Desemba 2017 vikitumia stima zaidi ya kawaida yao usiku vinauziwa nusu bei, na wenye magari na pikipiki za umeme, kwenye bei za 2023, walipangiwa shilingi 8 kwa uniti wakichaji saa za usiku badala ya 16. Ila mama wa mtaani anayegandisha barafu za kuuza, ambaye angeweza kabisa kuwasha friza saa sita usiku akazima saa kumi na mbili, huyo hana bei ya usiku, analipa sawa masaa yote, nafuu kubwa aliyo nayo ni kama anatumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, na mwenye friza hatumii chini ya 30. Hapo mimi naona sera imemsahau mtu ambaye angeitikia haraka kuliko wote.

Haya, nyuklia.

Kinu cha nyuklia ni birika. Sitanii, kazi yake ni kuchemsha maji, mvuke utoke, uzungushe pangaboi, basi, mwendo ni ule ule wa Olkaria. Tofauti ni moto unatoka wapi. Olkaria Mungu ameshachemsha chini ya ardhi, kwenye kinu chembe ndogo za urani zinapasuliwa na katika kupasuka zinatoa joto. Joto lenyewe ni jingi mno, kipande cha fueli kama ncha ya kidole kinatoa nishati ya karibu tani moja ya makaa ya mawe, na hakitoi moshi. Na kama mvuke hakijali saa, kinachapa kazi mchana na usiku.

Je kinaweza kulipuka kama bomu? Hapa nitumie mnazi, tuelewane vizuri. Mnazi una alkoholi kidogo, ukiutupia kiberiti kinazima. Spiriti ya hospitali ni alkoholi karibu tupu, hiyo ukiitupia kiberiti ukimbie. Urani iko hivyo hivyo, ile chembe inayopasuka kirahisi ikitoka ardhini ni asilimia 0.7 tu, fueli ya vinu vingi inaongezwa hadi 3 au 5, bomu linataka kama 90. Kwa hivyo kinu hakiwezi kuwa Hiroshima, ni mnazi ule. Lakini sitamcheka yule mzee, kwa sababu urani ya bomu lile la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo, ikachimbwa na kusafirishwa bila mwenye ardhi kuambiwa ni ya nini. Kuogopa neno urani kwetu kuna historia.

Ila kinachotakiwa kuogopwa si mlipuko ule, ni kitu cha kawaida sana, kinaitwa joto linalobaki. Chukua jiko la makaa. Umemaliza kupika, umeondoa sufuria, umefunika kwa jivu, lakini ukiweka mkono juu baada ya nusu saa bado unaungua. Kinu kiko hivyo. Kinu cha megawati 1,000 za stima kwa kweli kinatoa joto la kama megawati 3,000, na hata ukikizima ghafla, sekunde ile ile ya kuzima kinabaki na asilimia kama 6 ya joto hilo, yaani karibu megawati 200 za moto ambazo huna swichi ya kuzizima, zinapungua zenyewe polepole, saa kwa saa, siku kwa siku. Muda wote huo lazima maji yapite kupoza. Maji yapite kwa pampu, pampu inataka stima, na kinu chenyewe ndio umeshakizima. Unaona?

Ndivyo ilivyokuwa Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa kazini vilijizima vyenyewe kama vilivyotakiwa, mpaka hapo hakuna kosa. Stima ya nje ikakatika, jenereta za dizeli zikawaka, mpaka hapo pia sawa. Kama dakika 50 baadaye tsunami yenye kimo cha mita 14 hivi ikapanda juu ya ukuta, na jenereta nyingi zilikuwa chini, vyumba vya chini kabisa, zikazama. Pampu zikasimama, jiko lile chini ya jivu likaendelea, fueli ya vinu vitatu ikayeyuka, gesi ya haidrojeni ikajaa ikalipua mapaa. Zaidi ya watu 150,000 walihamishwa. Mionzi yenyewe haikuua watu kwa wingi, tsunami ndiyo iliyoua maelfu, na wazee wengi wakafa kwa shida za kuhamishwahamishwa.

Chernobyl ya 26 Aprili 1986 ni habari nyingine, kule walikuwa wanafanya jaribio usiku, wakazima vifaa vya usalama wao wenyewe, kwenye aina ya kinu yenye kasoro ya muundo na isiyo na lile jumba nene la zege la kuzuia kitu kisitoke nje. Watu kama 30 walikufa miezi ya mwanzo, na ubishi wa wangapi walikufa kwa saratani miaka iliyofuata haujaisha hadi leo. Vinu vinavyouzwa siku hizi vina jumba hilo, na vingine vimetengenezwa maji ya kupoza yashuke yenyewe kwa mteremko kama tangi la juu ya nyumba, hata pampu zikifa zote.

Na mionzi? Haiambukizi kama homa, mtu aliyepigwa eksirei haendi nyumbani kumwambukiza mkewe. Tunaishi nayo kila siku, inatoka angani, inatoka udongoni, kule Mrima Hill, Kwale, udongo wenyewe una thoriamu na mionzi yake ya asili inajulikana kuwa juu kuliko sehemu nyingi. Suala ni kiasi, kama chumvi, mkono wa mpishi ukiteleza ndio balaa.

Sasa nimrudie kijana wa stima rahisi. Fueli ya nyuklia ni rahisi kweli. Kujenga ndiko kunakoua. Kule Georgia, Marekani, vinu viwili vya Vogtle vilikadiriwa kama dola bilioni 14, vikaishia zaidi ya 30 na kuchelewa miaka saba hivi, na hao ni Wamarekani ambao wamejenga vinu tangu babu zetu. Kuna mfano mzuri pia, Barakah huko Abu Dhabi, vinu vinne vilivyojengwa na Wakorea, leo vinatoa karibu robo ya stima ya Emarati, ndugu zetu walioko kule wanachaji simu kwa nyuklia na hawajui. Lakini wale walilipa kwa pesa za mafuta. Sisi tutakopa, kwa dola, na umeona ile fidia ya dola kwenye meseji ya tokeni.

Halafu kuna swali ambalo barazani silisikii kabisa nalo ndilo rahisi kuliko yote, la ukubwa. Kumbuka ile 2,300. Mafundi wa gridi, yaani mtandao mzima wa stima wa nchi, wana kanuni yao ya kienyeji kwamba mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, kwa sababu mtambo wowote siku moja utazimika ghafla, na waliobaki lazima wabebe mzigo. Mpango wetu ulikuwa unatajwa megawati 1,000. Hiyo ni kama ngalawa ya watu sita halafu mmoja wao ni ng'ombe, akisimama upande mmoja wote mko majini. Usiku wa 25 Agosti 2023 tulionja giza la karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa giza manake jenereta ya pale ilikataa kuwaka. Ndio maana siku hizi utasikia wanazungumzia vinu vidogo vidogo, vya megawati mia tatu kushuka chini. Vinavyofanya kazi duniani mpaka sasa vinahesabika kwa vidole, kwa hivyo bei yake halisi itajulikana wakishajenga vingi. Afrika yenyewe ina kituo kimoja tu cha stima ya nyuklia kinachofanya kazi, Koeberg karibu na Cape Town, tangu 1984, na Misri wanajenga chao El Dabaa.

La ulinzi. Kenya kuna taasisi mbili ambazo watu wanazichanganya. Moja ni NuPEA, kazi yake ni kuuza wazo la nyuklia na kuliendesha, ya pili ni KNRA, hiyo ndiyo mlinzi, inakagua na kutoa au kunyima leseni. Zote mbili zimewekwa kwenye sheria za 2019, na ni muhimu sana zisiwe na tajiri mmoja. Japani mlinzi alikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa inapigia debe nyuklia, na tume ya bunge lao ilipochunguza Fukushima ilisema mwaka 2012 kwamba lile janga lilitengenezwa na binadamu, mlinzi na mlindwa walikuwa wanakunywa chai pamoja. Mimi nikisikia mkutano wa hadhara wa nyuklia hapa kwetu nasikia NuPEA, NuPEA, NuPEA. Huyo mwingine simuoni. Ningependa kumuona akija kijijini peke yake, bila fulana za kugawa.

Uyombo, hapa Kilifi, ambako kinu kilikuwa kimepangwa kujengwa, hawakupelekewa mazungumzo ya namna hiyo, ndio maana mambo yakaharibika. Ni kijiji cha wavuvi, Mida Creek hapo na mikoko yake, mbuga ya bahari ya Watamu, msitu wa Arabuko Sokoke nyuma. Mwaka 2024 walipoandamana kukataa polisi wakatumia nguvu. Na swali lao kubwa lilikuwa zuri kabisa: kinu kinavuta maji ya bahari kupoza, kinayarudisha yakiwa na joto zaidi ya yalivyotoka, je samaki na matumbawe wetu watavumilia? Hilo halijibiwi kwa rungu. Watu wa Finland walipotafuta pahali pa kufukia mabaki ya fueli yao, ambayo yanabaki hatari kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, walichagua mwamba wa Olkiluoto, mita 400 na zaidi chini ya ardhi, lakini halmashauri ya pale, Eurajoki, kisheria ilikuwa na haki ya kusema hatutaki na ikawa basi. Ilipigiwa kura, wakakubali. Tangu waanze kupanga hadi kuchimba ilipita miaka kama 20.

Sasa mazungumzo yamehamia Siaya, upande wa Lwanda Kotieno kule Rarieda, kando ya Ziwa Victoria, na huko naambiwa mapokezi ni ya ngoma. Sawa, ziwani hakuna tsunami ya Fukushima. Lakini mwaka 2020 maji ya ziwa hilo yalipanda yakavunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, bichi za samaki zikafunikwa, watu wakahama nyumba upande wa Kenya, Uganda na Tanzania, na 2024 yakapanda tena. Kwa hivyo kama kuna msomaji wa Rarieda atakayehudhuria mkutano, ngoma zikinyamaza naomba aniulizie kitu kimoja tu: jenereta za dizeli mtaziweka ghorofa ya ngapi?